Polisi wastaafu kurudi kazini: tuongeze umri, au tutazame kwanza kazi yenyewe?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Hoja ni kupandisha kikomo cha umri kwa polisi wastaafu wanaorudi kwa mkataba kwenye kazi maalumu.

Chukua New Jersey, Marekani. Sheria ya mwaka 2016 iliruhusu polisi mstaafu aliye chini ya miaka 65 kulinda shule akiwa na silaha, kama askari maalumu wa daraja la tatu. Wanaotaka vikomo vya namna hii vipandishwe wanasema uzoefu haufutiki siku mtu anapotimiza umri fulani.

Mimi nakubaliana nao nusu. Nimelelewa na askari. Baba alipostaafu alikuwa bado anasoma watu: alikaa dirishani akaniambia yule kijana ana shida kwao, kwa kuwa siku ya tatu hiyo anapita bila begi la shule. Ilikuwa kweli. Lakini mtu huyohuyo, jioni, alipapasa ukuta kwanza ndipo akanyage ngazi.

Kwa hiyo nauliza, tunamrudisha afanye nini? Kama ni kupitia jalada la mauaji lililolala kabatini miaka 15, au kumfundisha kuruti kuandika maelezo ya shahidi yasiyoyumba mahakamani, hata akiwa na miaka 70 mpeni kiti. Lango la shule na bastola kiunoni ni habari nyingine.

Mtasema ujana nao si dawa, na ni kweli. Uvalde, Texas, mwaka 2022, mtu mwenye bunduki alipovamia shule, askari karibu 400 walifika, na zaidi ya dakika 70 zikapita kabla ya muuaji kudhibitiwa. Watoto 19 na walimu 2 waliuawa. Pale hakuna wa kusingizia uzee. Ndiyo maana nataka tupime uwezo na mafunzo, tena kila mwaka. Sheria ya Marekani ya 2004 inayowaruhusu polisi wastaafu kutembea na bastola inadai wawe wamefaulu shabaha ndani ya miezi 12 iliyopita. Ni mwanzo mzuri, ila haitoshi: karatasi ya shabaha haikimbii, na hakuna watoto wanaopiga kelele nyuma yake. Mpandishe kwanza ghorofa mbili mbio, kisha alenge.

Ajira za vijana pia zinaniuma. Mstaafu mwenye pensheni anaweza kukubali malipo madogo, na mwajiri akaona nafuu kutoajiri kuruti. Mkataba useme wazi kwamba hajazi nafasi ya askari wa kudumu.

Sasa mlio kazini na mliostaafu: mngekubali mtihani uleule anaofanya askari wa miaka 30, kwa alama zilezile za kufaulu? Na nyie wazazi, mngemtaka nani langoni?