Naombeni ushauri: maziwa hayatoshi, mtoto ana siku 9

Habari zenu wapendwa. Nimejifungua kwa upasuaji, binti yangu wa kwanza. Alizaliwa na kilo 3.1, jana kliniki kapimwa 2.8. Namnyonyesha kila baada ya saa 2, lakini ananyonya dakika chache, anaachia, analia, na chuchu zimechubuka hadi damu. Anakojoa mara 4 tu kwa siku. Nimekunywa mtori, supu ya samaki, uji wa pilipili manga. Nikikamua kwa mkono hayafiki vijiko viwili vya chai. Mama mkwe anataka nimpe maziwa ya ng'ombe. Nimekataa, ila usiku akilia roho inaniuma sana.

Mliopitia hili, nimpakateje ili ashike titi vizuri? Na je, nianze maziwa ya kopo sasa, au nimrudishe kliniki kwanza?