Eti "katafuteni nyumba za watu"! Huyu mkuu wa kwenye skrini amevuka mpaka

BatiLaRungwe ameanzisha uzi:

Wakuu, naandika hasira bado mbichi kwa hiyo mnivumilie. Simtaji. Mnamjua. Yule mkuu wa timu wa vikao vya video, mwenye picha ya ufukwe nyuma ya kichwa, anayeuliza "mnanisikia?" mara elfu moja kabla hajatoa salamu. Kila ofisi iliyoruhusu watu wafanyie kazi nyumbani ina wa kwake, ila huyu ndiye baba lao.

Kikao cha leo asubuhi. Timu imetawanyika, wengine Dar, wengine Iringa na Njombe, dada mmoja yuko Tukuyu. Mvua inashuka. Sasa jamani, mvua isiponyesha Rungwe ikanyeshe wapi? Kule zinashuka zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na nyumba ni za bati. Dada wa watu anasoma hesabu za mwezi, bati linamzidi sauti. Angeambiwa tu "dada, tuandikie, tutasoma", dakika mbili yameisha. Mheshimiwa akamkata sauti mbele ya watu wote, akasema: "Katafuteni nyumba za watu."

Nyumba za watu! Kwa hiyo ile anayoishi na wanawe ni ya nani, ya mbuzi?

Na huyo huyo ndiye anayelazimisha kamera ziwake muda wote. Hesabu hii hapa, aje aipinge. Kikao cha video cha watu wengi kwenye Zoom kinakula kati ya MB 800 na GB 2.4 kwa saa, kutegemea ubora wa picha. Vikao vitatu vya saa moja kwa siku, siku tano, ni GB 12 mpaka 36 kwa wiki. Sauti peke yake ni kilobiti 60 hadi 100 kwa sekunde kila upande, yaani hata ukijumlisha kwenda na kurudi haifiki MB 100 kwa saa. Wiki nzima GB moja na nusu. Kifurushi ananunua nani? Dada wa Tukuyu. Halafu anaambiwa akatafute nyumba za watu!

Kelele ya bati ina dawa, ila ni lazima mkuu wa timu awe anataka kuijua. Maiki ya ndani ya laptopu inasikiliza pande zote, na ukinyamaza inajipandisha yenyewe kutafuta sauti, ndipo inapoileta mvua yote mzima mzima. Vaa hedifoni ya waya yenye kijiti cha maiki, ikae upana wa vidole viwili kutoka pembe ya mdomo, isiwe mbele ya pumzi. Ingia mipangilio ya sauti ya Zoom, ondoa alama kwenye kujirekebisha kwa maiki, kisha upande wa kupunguza kelele weka kiwango cha juu. Jizime sauti, na ukitaka kuongea bonyeza kitufe cha nafasi na kukishikilia, ukiachia unazimwa tena. Haya ndiyo mambo ambayo kiongozi anayaandika kwenye ukurasa mmoja na kuwagawia watu wake, halafu ananunua hedifoni. Yeye amegawa matusi.

Nyumba za watu. Sauti ile ilifika Kyela bila intaneti. Siwezi kunyamaza.

Ulanzi_Baridi:
Mkuu, uzi mrefu kama mlima Kitonga kwa sababu ya sentensi moja? Kunywa maji. Dada mwenyewe hajalalamika, wewe ndiye umelala kwenye bati lake.

MamaParachichi:
Ulanzi acha hizo, "nyumba za watu" haimezeki. Ningemjibu pale pale na kikao kingeishia hapo.

Tatizo la hawa si mvua, hawajui kuendesha timu iliyo mbali. Hesabu za mwezi zinasomwaje kwa mdomo? Jedwali linatumwa jana yake, watu wanasoma usiku, asubuhi mnajadili mistari miwili yenye utata na kila mtu anaendelea na kazi. Mtu mmoja anaandika, na kila uamuzi unabeba vitu vitatu: nani, nini, lini. Unawekwa mahali pamoja pasipobadilika, si leo kwenye barua pepe, kesho kwenye kundi la WhatsApp ambako utafukiwa na picha za harusi. Aliyekatikiwa umeme anakuta kila kitu pale, hahitaji kumpigia mtu na kujieleza.

Kingine, na hiki kinaniudhi kuliko bati. Wale walioko ofisini wanakaa sita mbele ya laptopu moja. Wanacheka, wananong'ona, wanaamua, na aliye mbali anaona vichwa tu. Kama kuna hata mmoja aliye nje ya chumba, basi kila mtu aingie kwa kifaa chake na hedifoni yake, hata kama mmekaa meza moja. Spika za laptopu zizimwe zote, kila mtu asikilize kwa hedifoni, la sivyo sauti itazunguka na kupiga mluzi.

BatiLaRungwe:
Asante mama. Ndaga fijo. Umenielewa. Nyumba za watu!!

Kihesa_Juu:
Wenu anatukana, mshukuruni Mungu. Wa kwetu kaweka programu inayopiga picha skrini kila dakika 5 na kuhesabu mausi imetikisika mara ngapi. Matokeo yake watu wamefunga mausi kwenye feni. Kwenye ripoti feni ndiyo mfanyakazi bora wa mwezi.

Mtu anayesoma mkataba wa kurasa 40 hagusi mausi nusu saa, anaonekana kalala. Anayezungusha mausi ovyo anaonekana shujaa. Kazi ya mbali inapimwa kwa kilichokabidhiwa: ripoti imefika au haijafika, mteja kajibiwa au hajajibiwa. Na zile picha zinabeba majina na namba za simu za wateja waliokuwa wazi kwenye skrini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023. Mwulize bosi picha zinahifadhiwa wapi, kwa muda gani na nani anaziona, uone anavyobadilisha mada.

Mlimani_Loleza:
Sheria mmeikumbuka leo? Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Wasimamizi wanaoripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu hawamo kwenye kipengele hicho, lakini sisi wengine tumo. Halafu saa nne usiku simu inalia: "naomba mrejesho". Mrejesho wa nini, na nani analipa?

Na hawa wanaoandika "kikao saa 3" bila kusema saa 3 ipi! Kwenye kalenda saa tatu asubuhi ni 9:00, ukiandika 3:00 mwaliko unakwenda usiku wa manane. Andikeni saa kwa mfumo wa kalenda, 09:00 au 15:00, na mwaliko utumwe kutoka kwenye kalenda yenyewe. Kama mteja yuko Ulaya, kule saa zinabadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na Marekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Sisi hatubadilishi. Kwa hiyo ile wiki ya kubadilisha, kikao cha mteja kinahama saa nzima, na bosi anakuja kufoka kwamba watu wa Mbeya wamechelewa. Saa imehama London, sisi tunapigwa Mbeya!

FundiWaya_Sae:
Mnapiga kelele za vikao huku ruta mmezificha kwenye kabati la vyombo nyuma ya sufuria. Toeni hapo.

Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, anwani yake imebandikwa chini ya ruta yenyewe, tafuta namba inayoitwa RSRP, ndiyo nguvu ya mawimbi ya mnara. Ikiwa kati ya -85 na -70 uko vizuri. Ikifika -110 hata sauti itakatika. Angalia na SINR, yaani usafi wa mawimbi: juu ya 13 ni safi, ikishuka kwenye sifuri mawimbi yapo lakini yamechafuka. Zungusha ruta dirisha kwa dirisha, kila sehemu subiri dakika moja namba itulie. Dirisha linalotazama mnara ndilo lako. Ukiwa chini ya mlima na mnara uko upande wa pili, hakuna dirisha litakalokuokoa, unahitaji antena ya nje juu ya bati. Ziwe mbili, moja imelala nyuzi 45 kulia na nyingine 45 kushoto, na waya wake uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Watu wananunua antena nzuri halafu wanavuta waya mwembamba mita 15, mawimbi yote yanaishia njiani.

Na kwenye Windows nenda kwenye mtandao wako, uwashe ile sehemu inayosema mtandao huu unapimwa (metered connection). Bila hivyo masasisho yanashuka katikati ya kikao na kifurushi kinakwisha hata hujasema neno.

BatiLaRungwe:
Wakuu turudi kwenye mada. Mtu ameambiwa akatafute nyumba za watu!

Njombe_Blanketi:
Kamwene. Fundi, mada yako imenigusa. Umeme ukikatika laptopu inabaki hai lakini ruta inakufa hapo hapo. Nini suluhisho lisilo na jenereta?

FundiWaya_Sae:
Kamwene. UPS ndogo ya ruta, yaani kiboksi chenye betri kinachoilisha ruta umeme ukikatika, ile ya DC isiyohitaji inveta. Iliyoandikwa mAh 8,800 kwa volti 3.7 ina kama Wh 32 (wati-saa). Toa hasara ya kubadilisha volti, ruta inayokula wati 6 itakaa saa nne hivi.

Kwa siku nzima na laptopu pia, betri ya Ah 100 ya volti 12. Usiimalize yote, ya maji tumia nusu, ni Wh 600. Ikipita kwenye inveta zinabaki kama 510. Laptopu wati 45 na ruta 6, unapata saa kumi. Msinunue ya gari, ile imetengenezwa kuwasha injini, ukiishusha chini kila siku sahani zake zinaisha upesi. Na wakati wa kuchaji isikae chumbani unakolala, inatoa gesi inayoshika moto. Najua Njombe baridi ya Julai inafungisha watu madirisha. Fungua hilo moja.

Kihesa_Juu:
Na jirani mwenye mashine ya kusaga? Ikiwaka tu taa zinafifia na skrini inacheza.

FundiWaya_Sae:
Mota kubwa ikianza inavuta umeme mwingi kwa mara moja, volti inashuka mtaa mzima. Weka stabilaiza, na ruta ipitie kwenye UPS hata umeme ukiwepo. Laptopu haina shida, betri yake inameza mtikisiko.

Ulanzi_Baridi:
Fundi samahani, adapta ya ruta yangu imeandikwa 9V 1A. Hizo UPS zinaingia?

FundiWaya_Sae:
Chukua yenye tundu la 9V na la 12V, uchomeke la 9V. Ukikosea ukachomeka la 12V unaunguza ruta. Amp ya UPS iwe 1 au zaidi, ikizidi haina madhara. Angalia pia ule mchoro wa duara kwenye adapta, chanya iwe katikati kote kuwili.

Ulanzi_Baridi:
Sawa mkuu. Kwa Mwanjelwa, hapo Mbeya, zinapatikana?

FundiWaya_Sae:
Zipo. Nenda na adapta yako mkononi, wajaribu kichwa cha waya kabla hujalipa.