Mnaficha ujumbe wa kosa halafu mnataka tuwasaidie? Nimechoka!

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira.

Jana saa mbili usiku kijana mmoja kaingia kwenye grupu letu la programu: "Wakuu msaada wa haraka, mfumo unagoma kusajili wateja." Basi. Anatumia lugha gani, unagoma vipi, skrini inaandika nini, hakusema. Akatuma picha ya kompyuta aliyoipiga kwa simu, imepinda, mng'ao wa taa umefuta nusu ya maandishi.

Watu wakaanza kubahatisha. Mmoja kamwambia abadilishe toleo la PHP, lugha ya kuandikia programu. Mwingine, bila kuuliza chochote, kamwambia aifute XAMPP, kifurushi kinachoendesha PHP na kanzidata kwenye kompyuta, aisakinishe upya. Akaifuta kweli! Kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa zote za mfumo, ilikuwa humo humo na hakuwa na nakala. Kazi ya wiki tatu imekwenda. Akaunda upya jedwali la wateja, kosa likarudi lile lile. Saa tano na nusu ndipo nilipombana anakili maandishi yote ya kosa na kuyabandika:

SQLSTATE[22003]: Numeric value out of range: 1264 Out of range value for column 'simu' at row 1

Yaani namba imezidi kikomo cha safu ya 'simu'. Jibu lilikuwa pale tangu saa mbili! Safu ya simu aliiweka INT, aina ya namba kamili, na INT ya MySQL, kanzidata anayotumia, inaishia 2147483647. Namba inayoanza na 255 ina tarakimu 12, haiwezi kuingia. Hata angetumia 07, ile sifuri ya mbele ingepotea. Namba ya simu hatuijumlishi wala hatuigawanyi, inakaa kwenye VARCHAR, aina ya maandishi. Akabadilisha, ikakubali, dakika mbili hazikuisha.

Nikamuuliza kwa nini hakuyabandika mapema. "Kaka, niliona Kiingereza kirefu, nikajua hakina maana." Hapo ndipo nilipoumia. Mashine imekutajia safu yenye tatizo kwa jina lake, wewe umekaa nayo saa tatu na nusu!

Kuwa mgeni si kosa, sote tulianza hatujui. Lakini kunakili maandishi hakuhitaji uzoefu. Bandika kosa zima, kama maandishi, tuweze kulitafuta. Sema ulitarajia nini, kimetokea nini, na umeshajaribu nini. Msimbo usitupe mistari 600. Punguza mpaka ibaki ile michache inayoleta kosa, na mara nyingi ukiwa katikati ya kupunguza utaliona mwenyewe. Nenosiri lako litoe kwanza, tafadhali, wiki hii nimeshaona mawili.

Na ninyi mnaojibu kwa kubahatisha, mna lawama kubwa zaidi. Unamwambiaje mtu afute kitu ambacho hujui kina nini ndani? Kama huelewi tatizo, muulize kwanza au kaa kimya.

Tunasaidia bure, usiku, baada ya kazi zetu, kwa bando letu wenyewe. Kuanzia leo swali lisilo na ujumbe wa kosa silijibu, hata mnipigie simu.

Na wewe uliyeuliza juzi kuhusu mfumo wa malipo kutorudisha majibu, kisha ukaandika "tayari nimepata, asanteni" ukaondoka: rudi useme ulipataje. Kuna wawili wamekwama palepale, na wanasubiri mpaka sasa.