Aliyepata kura nyingi alishindwa: waliotunga kanuni hiyo ya Marekani tuwapime vipi?

Mdahalo_Mbale: Wadau, wanafunzi watajadili uchaguzi wa Marekani wa 2016. Clinton alipata kura kama milioni 65.8, Trump milioni 63, akaapishwa Trump, kwa kuwa kanuni yao huhesabu wajumbe wa majimbo, si jumla ya kura. Upande mmoja unasema kanuni hiyo haifai kwa kuwa baadhi ya waliotunga katiba ya 1787 walimiliki watumwa. Wa pili unajibu, "zama zile kila mtu alifanya hivyo." Hoja ipi inasimama?

Karani_wa_Kura: Kwanza waelewe hesabu. Hapa Uganda mgombea urais lazima avuke asilimia 50 ya kura halali za nchi nzima. Kule rais huchaguliwa na wajumbe 538 wa majimbo: 435 kwa idadi ya wabunge, 100 kwa maseneta, 3 wa Washington DC. Anayefika 270 ameshinda. Majimbo 48 humpa anayeongoza wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura moja. Maine na Nebraska ndiyo hugawa. Kwa hiyo kura za ziada za Clinton kule California hazikumwongezea mjumbe hata mmoja, na Trump alichukua Wisconsin, Michigan na Pennsylvania kwa tofauti isiyofika kura 80,000, yote matatu ukiyajumlisha.

Wasishike pia matokeo ya saa za mwanzo. Pennsylvania hairuhusu bahasha za kura za posta kufunguliwa kabla ya asubuhi ya siku ya uchaguzi, basi hesabu yake huchelewa. Mwaka 2020 Trump alitangulia pale, kura za posta zilipohesabiwa Biden akampita, na wengi wakadhani kura zimeongezwa.

Msomaji_Hoima: "Kila mtu alifanya hivyo" si kweli, na upande wa pili utaangukia hapo. Katiba ilitungwa Philadelphia, mji wa Pennsylvania, jimbo lililokwisha kupitisha sheria ya kukomesha utumwa polepole mwaka 1780. George Washington, aliyeongoza mkutano huo wa katiba, alipokuwa rais alikaa mji huohuo, na watumwa wake akiwatoa nje ya jimbo kabla ya miezi sita kutimia, maana baada ya hapo sheria ingewapa haki ya kudai uhuru. Mtu anayekwepa sheria anaijua. Wasia wake wa 1799 uliagiza watumwa wake mwenyewe waachwe huru. Hilo nalo litajwe.

Ila upande wa kwanza nao usiishie kwenye dhambi za watunzi. Waonyeshe dhambi hiyo iliingiaje kwenye kanuni: watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu katika kugawa viti vya bunge, na wajumbe hufuata viti. Jimbo la Virginia likapata wajumbe wengi kwa migongo ya watu wasioruhusiwa kupiga kura. Kifungu hicho kilikufa baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mfumo wa wajumbe ukabaki.

Mdahalo_Mbale: Asante sana. Na mfano wa nyumbani?

Msomaji_Hoima: Bunyoro, ufalme wa magharibi mwa Uganda. Colvile, ofisa wa Kiingereza, aliivamia, mfalme wake Kabalega akakamatwa 1899 na kupelekwa Ushelisheli, wakaletwa machifu wa Kiganda. Wapo wanaosema ndivyo utawala ulivyokuwa siku hizo. Waulizwe: mbona Wanyoro waliwakataa machifu hao mwaka 1907, katika upinzani ulioitwa Nyangire? Pale wanafunzi waanzie: nani alipinga wakati uleule, na mtawala alimjibu nini.