Mkate wa muhogo usio na ngano: wangu unatoka kama solusheni ya pancha. Nakosea wapi?

FundiSpoku (Ngamiani, Tanga)

Salaam aleikum wanajamvi. Mimi ni fundi baiskeli, na mpaka mwezi huu sikuwahi kuoka hata andazi. Msinicheke.

Binti yangu ana miaka 9. Tumbo lilikuwa linamvimba, choo hakieleweki, damu haipandi hata apewe nini. Tumepiga dawa za minyoo, tumepiga vidonge vya madini ya chuma, mwisho tukaandikiwa Dar. Huko wakampima damu, wakampitisha kamera tumboni, jibu likaja: siliaki. Akila gluteni, ile protini ya kwenye ngano, shayiri na rai, mwili wake unaugeukia utumbo wake wenyewe. Dawa hakuna, ni kuacha ngano maisha yote.

Wali anakula, sembe anakula, bada, ule ugali wa muhogo, ndiyo usiseme, maana mama yake mtu wa Mkinga. Shida ni asubuhi. Wadogo zake wana chai na slesi, yeye namwekea kiazi kitamu. Wiki ya kwanza alikula. Wiki ya pili akaniuliza, "Baba, mimi mkate ndiyo basi tena?" Nikamwambia nitakutengenezea. Nimeropoka tu, sikujua ninachoahidi.

Mara ya kwanza nilinunua kilo ya unga wa muhogo soko la Mgandini, nikaufanya kama ninavyoona wanawake wanavyofanya ngano: hamira, sukari, maji ya vuguvugu, kanda. Haukandiki! Unameguka kama udongo mkavu. Nikaulazimisha kwenye sufuria, moto chini, nikapalia juu. Likatoka jiwe, nikawapa kuku, nao wakaliangalia.

Mara ya pili nikaongeza maji mpaka ukawa rojo. Huo ukapanda vizuri kabisa, nikamwita jirani aje aone. Kufika jirani, katikati pameshabonyea. Mkate wangu ni wa Tanga kweli, waja leo waondoka leo. Nikaukata hivyo hivyo wa moto. Kisu kikatoka na utando mweupe unaovutika, nikaushika kwa vidole viwili, vikagandana. Wallahi ni solusheni ile ile ninayobandikia viraka.

Mwenye kujua anisaidie. Jiko langu ni la mkaa, oveni sina.

BiKumimina (Chumbageni)

Mwanangu fundi, pole na mtoto. Ila nani kakwambia mkate lazima utoke kwenye ngano? Mimi nauza mkate wa kumimina tangu wanangu wadogo, sasa nina wajukuu. Mchele unaloweka usiku, asubuhi unausaga na tui, sukari, iliki na hamira, unauacha uumuke, unaumimina kwenye sufuria uliyoipaka mafuta, ukishika chini unapalia moto juu. Ngano iko wapi hapo? Haipo. Vitumbua ni hivyo hivyo. Bibi zetu walikula mikate hii kabla hata hilo neno gluteni halijafika pwani.

Lakini nikwambie siri ya biashara, na wenzangu wanisamehe. Siku hizi wauzaji wengi wanatia kijiko kimoja viwili cha ngano ili rojo lishike haraka. Kwa mtu mwingine si neno, kwa binti yako ni neno. Usimnunulie barabarani. Pika mwenyewe nyumbani. Na bokoboko la Idi asiliguse, ile ni ngano yenyewe nzima nzima.

Kijana_Raskazone

Si uagize tu Dar kaka? Supamaketi kubwa wanauza mikate isiyo na gluteni.

FundiSpoku

Nimeiona. Mmoja mdogo, mgumu, bei yake ni pancha za siku nzima. Bado nauli. Asante lakini.

Bi Mkubwa, shikamoo. Kumimina nitajaribu Ijumaa. Ila mtoto anataka mkate wa kukata slesi, wa chumvi, apake siagi kama wenzake.

MwokajiMstaafu (Muheza)

Fundi, nimefanya kazi kwenye tanuri la mikate miaka mingi, na swali lako nitalijibu kwa kazi yako. Hamira ni pampu. Inatoa hewa tu. Kwenye ngano, gluteni ndiyo tyubu: ukikanda inavutika kama mpira, hewa inabaki ndani. Muhogo hauna tyubu. Umepiga pampu, hewa imejaa, haina pa kukaa, ikatoka. Ndiyo maana ulipanda ukashuka. Na ndiyo maana kukanda ni kujichosha, unakanda nini wakati mpira wenyewe haupo?

Sasa tyubu tunaitengeneza. Duka la dawa ulizia maganda ya isabgol, wanauza kwa watu wa kufunga choo. Yakikutana na maji yanakuwa utelezi mzito. Huo utelezi na mayai ndiyo vitashika hewa.

Chukua vikombe viwili vya unga wa muhogo na kimoja cha unga wa mchele. Kutoka kwenye muhogo toa vijiko vikubwa vitano, vipike na kikombe kimoja na nusu cha maji mpaka upate uji unaong'aa. Mkeo wa Mkinga ataujua, ni bada iliyolegea. Hapa ndipo pana ufundi wote, usiparuke: wanga uliopikwa unanata, mbichi haunati. Acha upoe mpaka kidole kivumilie. Kisha tia mayai matatu, mafuta vijiko vitatu, isabgol vijiko viwili vikubwa, chumvi, sukari kijiko, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, na unga wote uliobaki. Koroga kwa mwiko, usikande. Uwe mzito kama zege la sakafu, ukikauka ongeza tui kidogo.

Tumia chombo chembamba chenye kuta ndefu. Sufuria pana ndiyo iliyokuponza, mkate huu hausimami wenyewe, unaegemea ukuta. Uumuke mara moja tu, ukikaribia ukingo upeleke motoni. Na ukiiva usiuguse mpaka upoe kabisa, muda wa masaa mawili hivi. Wa ngano ukiukata wa moto unakusamehe. Wa muhogo unakupa solusheni, kwa sababu wanga haujatulia.

Kingine, ukiona mahali wameandika "mkate wa muhogo" usikimbilie. Mara nyingi ni ngano iliyochanganywa muhogo kidogo kupunguza gharama. Nigeria enzi za Obasanjo serikali ilitaka waokaji watie asilimia 10 ya unga wa muhogo. Hizo 90 nyingine ni nini? Ngano.

Shangazi_Mkinga

Wote mmeongea mkate, hakuna aliyeuliza unga. Fundi, huo wa sokoni umesagwa wapi? Mashine za mtaani zinasaga mahindi, zikimaliza zinasaga ngano ya mtu, zikimaliza zinasaga makopa yako, ule muhogo mkavu. Vumbi la ngano linabaki kwenye mashine, na kwa mgonjwa wa siliaki hata chembe zinadhuru. Uji wa lishe nao angalia, wengi wanachanganya ngano humo. Twangeni makopa nyumbani, mchekeche kwa chekeche ambalo halijawahi kuona ngano.

Na usije ukaona mkate umekubali ukaanza kukwaruza muhogo mbichi wa shamba lolote. Mchungu lazima umenywe, ulowekwe siku tatu mpaka ulainike, uanikwe ukauke hasa. Ndani mna sumu ya sianidi. Tarime mwaka 1985 ukame uliwabana watu, wakafupisha njia ya kuandaa muhogo, wakapata konzo: miguu inakakamaa kwa ghafla na haiponi. Sisemi kukutisha. Makopa mazuri ni meupe na makavu, ukivunja yanalia ka! Yenye madoa meusi au ya kijani rudisha.

Mwanahamisi_T

Jamani na mimi nikila chapati tumbo linanijaa gesi. Naacha ngano kuanzia leo.

Shangazi_Mkinga

Mwanangu usiache kabla hujapimwa. Kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza wakati bado unakula ngano. Ukiacha wanapungua, kipimo kinasema huna kitu wakati unacho. Nenda hospitali ukiwa na chapati yako tumboni.

FundiSpoku (baada ya siku sita)

Nimerudi. Makopa yametoka kwa mama mkwe, yametwangwa kwenye kinu, chekeche nimenunua jipya. Isabgol nimepata, muuzaji akanipa na ushauri wa kunywa maji mengi. Sikumwambia kama nakwenda kuoka.

Chombo nimetumia kopo refu la maziwa ya unga, nimelikata mdomo, nikakunja kingo kwa koleo. Ule uji niliusimamia mwenyewe, ukageuka kutoka maziwa kuwa kioo mbele ya macho yangu. Umeumuka, nikaupalia, nikaondoa baada ya muda wa kuziba pancha tatu na kukaza mnyororo mmoja. Umebonyea, lakini kidogo, kama ukucha. Kisha nikaufunika kwa kawa na kuwafukuza watoto jikoni. Nimeuoka baada ya alasiri, nimeukata baada ya isha. Kungoja kule mwokaji hukuniambia kama ni kazi.

Kisu kimetoka kikavu. Ndani una vitundu vidogo vidogo, rangi ya kijivujivu, harufu ya muhogo ipo ila haikeri. Binti kachukua slesi, kabla ya kula akaikunja katikati kuona kama itavunjika. Haikuvunjika. Akapaka siagi, akachovya kwenye chai, ikatoka nzima. Amekula tatu. Ya nne nimemwona anaificha chini ya sahani, mdogo wake asiione, na huyo mdogo ana mkate wake wa ngano tele.

Ganda la chini limeungua, nimezidisha mkaa. Kesho nitapunguza.

Bi Mkubwa, kumimina bado, Ijumaa baiskeli zilikuwa nyingi. Tui la kusagia mchele unaweka la kwanza au la pili?