Mjadala: Vidonge vya aleji vya "liposomu", dawa au biashara?

Wa Kampala: Jamani, nauliza tu. Kuna kwesetini, kemikali ya mimea, inauzwa mjini kama dawa ya aleji, wanasema ni ya liposomu, bei yake ukiisikia unarudisha pesa mfukoni, na setirizini, kidonge cha kawaida cha aleji, ipo kwa bei ya chai. Kwesetini si hiyohiyo iko kwenye vitunguu? Mimi naona tunaibiwa, NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, iwakataze.

Wa Mbarara: Ndugu yangu taratibu. Maabara imeonyesha kwesetini inazuia seli zisimwage histamini, ile inayokuwasha macho na kukupigisha chafya vumbi likipanda, shida yake haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kale kadogo kanakopenya, utumbo na ini vinakabadilisha haraka. Ndio wanaifunga kwenye liposomu, vifuko vidogo mno vya mafuta kama lesithini ya soya, utando wake kama wa seli zetu. Si uchawi, Alec Bangham wa Uingereza alivieleza tangu miaka ya 60. Na hapahapa kwetu, Kampala na Mbarara, wagonjwa wa meninjaitisi ya kriptokokasi, ile ya fangasi kwenye utando wa ubongo, walikuwa kwenye jaribio la amfoterisini ya liposomu, dawa ya kuua fangasi, dozi moja kubwa pamoja na vidonge vingine, 2022 matokeo yakatoka na WHO ikaipendekeza mwaka huohuo. Sasa mtakataza nini?

Wa Mbale: Ssebo, hiyo ya meninjaitisi ni dripu! Inaingia kwenye mshipa moja kwa moja. Ya kumeza inakutana na asidi ya tumbo halafu nyongo, na nyongo kazi yake ni kuvunjavunja mafuta, haitauliza kama ni liposomu. Bado joto la duka lisilo na friji, lesithini inachacha, kifuko kinavuja, unabaki na kwesetini ya kawaida kwa bei ya ajabu. Hata panya wa majaribio akipona, si mtu huyo. Covidex, ile dawa ya mitishamba ya wakati wa korona, mnaikumbuka 2021? NDA ilisema ya kusaidia tu, watu wakainunua kama tiba.

Wa Mbarara: Sawa, ya kumeza nakupa. Ila ya kupuliza puani? Hapo nyongo haipo, na aleji yenyewe iko palepale puani.

Wa Mbale: Hiyo ndio ningetaka wasomi wetu waijaribu, kwa watu, sio panya. Kabla ya hapo anayeandika "liposomu" kwenye chupa alete cheti cha maabara kwamba vifuko vimo na bado vizima, hana, afute hilo neno. Na mwenye pumu asiache pampu yake kwa ajili ya hizi chupa, tafadhali.