Msaada: mafaili yamegoma kufutika kwenye seva, hata kwa root

mwanaushirika
Wakuu, habari za jioni.

Ninasimamia tovuti ya ushirika wetu wa wakulima. Ipo kwenye seva ya kukodi yenye Ubuntu 20.04, na imejengwa kwa WordPress. Wanachama hutazama humo bei za msimu na matangazo ya malipo, na wengi wamejisajili kwa majina na namba zao za simu. Sasa wameanza kunipigia: wakiifungua kwa simu wanapelekwa kwenye kurasa za kamari.

Nimechungulia folda ya picha, wp-content/uploads, nikakuta faili la PHP, yaani la programu, ambalo hakuna kati yetu aliyeliweka. Nimeingia kama root, yaani msimamizi mkuu wa seva, nikaandika amri ya kufuta, rm, jibu likaja hivi:

`rm: cannot remove 'cache-old.php': Operation not permitted`

Kubadili mmiliki kwa chown nako kumekataliwa kwa maneno hayo hayo. Kuna la pili, jina lake linaanza na kistari, `-bkp.sql`, hilo rm inadai "invalid option". La tatu ni index.php ya folda kuu. Hilo linafutika bila shida, ila kufumba na kufumbua limerudi na maandishi yale yale ya ajabu.

Root si ndiye mwenye mamlaka yote? Mbona ananyimwa? Natanguliza shukrani.

kijana_wa_nyaya
Mkuu piga `chmod -R 777` folda nzima halafu futa. Itakubali tu.

fundi_seva
Tafadhali mwanaushirika, hiyo usiifanye. Ukiweka 777 unampa ruhusa ya kuandika kila anayeishi humo ndani ya seva, na huyo mgeni wako akiwemo. Halafu haitakusaidia kitu. Kwenye Linux ruhusa ya kufuta haitoki kwenye faili lenyewe, inatoka kwenye folda iliyolibeba. Folda ichukulie kama daftari la mahudhurio: kufuta faili ni kukata jina kwenye daftari, kwa hiyo anayetakiwa kuwa na ruhusa ya kuandika ni yule mwenye daftari. Ndiyo maana faili lenye ruhusa ya 444, yaani la kusomwa tu, linaweza kufutwa na mtu asiyeweza hata kuliandika.

Na root hazuiliwi na ruhusa hizo za kawaida. Akizuiwa kwa "Operation not permitted", tafuta alama za mfumo wa mafaili:

`lsattr cache-old.php`
`lsattr -d .`

Ya pili inaangalia folda yenyewe, kwa sababu nayo huwa inafungwa. Ukiona herufi `i`, faili limegandishwa: halihaririwi, halibadilishwi jina, halifutwi. Ukiona `a`, linaruhusu kuongezewa maandishi mwishoni tu. Lete majibu hapa kabla hujagusa chochote.

La kistari ni jepesi. rm inadhani `-b` ni maagizo yake. Andika `rm ./-bkp.sql` au `rm -- -bkp.sql`. Lakini kwanza lisome kwa `less ./-bkp.sql`. Jina hilo linanuka nakala ya hifadhidata yenu, na kama ndivyo, mtu ameshachota taarifa za wanachama.

mwanaushirika
Asante sana fundi. Kwenye folda hakuna kitu, ila faili limetoa hivi:

`----i---------e------- cache-old.php`

Na `-bkp.sql` ni kweli, ndani kuna jedwali la wanachama, majina na simu. Nimeishiwa nguvu kwa kweli.

dada_wa_mfumo
Pole sana ndugu yangu. Dawa ya kufungua ni hii:

`chattr -i cache-old.php`

Baada ya hapo rm itafanya kazi. Ila nakuomba usilifungue wala kulifuta bado, maana chattr nayo hubadilisha muda wa "Change". Kwanza endesha `stat cache-old.php` na uandike pembeni muda wa mstari wa "Change". Muda wa "Modify" mdukuzi huuchezea kwa amri ya touch, huu wa "Change" ni mgumu zaidi kuudanganya. Ukishaupata, fungua access.log, kumbukumbu ya maombi yanayofika kwenye seva ya wavuti, na utafute maombi ya POST, yaani ya kutuma data, ya dakika hizo na za kabla yake. Mara nyingi utaona ni plagini (programu-nyongeza ya WordPress) ipi iliyofungua mlango. Ukifungua au kufuta kwanza, ushahidi huo umekwenda.

Kuhusu index.php inayorudi: kuna programu imekaa kwenye kumbukumbu ya seva inailinda. Tazama `ps -u www-data -f`, yaani programu zinazoendeshwa na mtumiaji wa tovuti, www-data. Wafanyakazi wa php-fpm, wanaoendesha PHP ya tovuti kihalali, utawatambua kwa jina lao. Kinachotakiwa kukushtua ni php nyingine inayokimbia peke yake. Chukua namba yake, angalia `ls -l /proc/NAMBA/cwd`, kisha iue. Hata kama faili lililoianzisha lilishafutwa, programu inaendelea kuishi mpaka isimamishwe. Pitia pia kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe: `crontab -u www-data -l` na folda ya /etc/cron.d.

fundi_seva
Naongezea jambo moja, na ndilo linalonisumbua tangu niione ile `i`. Alama hiyo haiwekwi na mtumiaji wa kawaida. www-data, ambaye ndiye anayeendesha WordPress yako, hana uwezo wa kuiweka. Ni root pekee. Maana yake aliyeligandisha faili hilo alishafika kwenye root. Au basi ni fundi wenu aliyegandisha mafaili kwa nia njema, maana wapo wanaofunga wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, hivyo ili isichezewe. Mwulize aliyeisimamia seva kabla yako.

mwanaushirika
Nimempigia. Anasema aligandisha wp-config.php tu, na folda ya picha hakuwahi kuigusa. Ile php ya pembeni nimeikuta na nimeiua, index.php haijarudi tena. Je, nikishafuta hivi vyote nitakuwa salama?

dada_wa_mfumo
Hapana. Kama root ilishaguswa, huwezi tena kuziamini hata ps na lsattr za seva hiyo. Wapo wanaobadilisha chattr yenyewe au kuiondoa. Unaweza kujaribu `dpkg -V e2fsprogs`, kifurushi chenye chattr na lsattr, uone kama vimechezewa. Tazama /etc/ld.so.preload, faili linaloweza kupenyeza msimbo kwenye kila programu, ambalo kwa kawaida halipo kabisa. Tazama na authorized_keys ya root, orodha ya funguo za SSH zinazoruhusiwa kuingia, kama kuna ufunguo usioujua. Lakini hata ukikuta kila kitu kisafi, mimi ningejenga seva upya. Ubuntu 20.04 yenyewe masasisho yake ya kawaida yalikoma 2025, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye 24.04.

mzee_wa_windows
Samahani kuingilia. Mimi nina folda inaitwa `aux` kwenye seva ya Windows, haifutiki kwa namna yoyote. Ni tatizo hilo hilo?

fundi_seva
Hapana mzee wangu. Majina kama AUX, CON, NUL na COM1 Windows imeyatunza tangu enzi za DOS kwa ajili ya vifaa. Fungua cmd kama msimamizi, andika `rd /s "\\?\D:\data\aux"` na njia yako halisi. Ile `\\?\` inairuka kanuni ya majina. Inasaidia pia kwa majina yanayoishia na nukta au nafasi.

mzee_wa_windows
Imeondoka. Mungu akubariki kijana wangu.

mwanaushirika
Nimewaelewa, nimeagiza seva mpya. Nihamishe nini na niache nini?

dada_wa_mfumo
Hamisha hifadhidata na picha, basi. WordPress na plagini shusha upya kutoka kwenye vyanzo vyake. Kwenye picha endesha kwanza:

`find uploads -type f \( -name '*.ph*' -o -name '.htaccess' \)`

Soma orodha yote kwa macho. Ukiridhika kwamba hakuna unachokihitaji, rudia amri hiyo na `-delete` ikiwa mwisho kabisa. Ukiiweka mwanzoni, itafuta kila kitu bila kuangalia majina, na picha zenu za miaka yote zitaondoka. Ndani ya hifadhidata kagua jedwali la wp_users, maana humo ndimo wanapojificha wasimamizi msiowafahamu. Badilisha nywila zote pamoja na zile funguo za siri ndani ya wp-config.php. Kwenye seva mpya zuia PHP isiendeshwe ndani ya uploads.

fundi_seva
Na suala la majina na simu za wanachama usilifunike. Kama ushirika upo Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawataka muiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi taarifa zinapovuja. Waambieni na wanachama wenyewe, mapema, ili mtu akiwapigia akijifanya karani wa ushirika na kuomba namba ya siri wajue la kufanya. Seva ya zamani izime ila usiirudishe kwa wenyewe kwanza. Omba nakala ya diski yake nzima, muda ule wa "Change" na zile logi mtaulizwa.